Pumu ya Bi Mkubwa

Kuna watu ukiwaelekeza wanauliza swali. Mjomba hakuuliza kitu, na balaa lote lilianzia hapo.

Mjomba ni mtunza farasi kwenye shule ya kupanda farasi, nje kidogo ya mji. Banda lake ni safi kuliko sebule za watu wengi. Sakafu inafagiliwa asubuhi, mchana na akikosa la kufanya. Ndiye aliyemlea mpwa wake baada ya dada yake kufariki, akamfundisha kushika hatamu kabla hajajua kushika kalamu. Mpwa akakua akawa daktari wa mifugo. Wateja wengine anawafokea bila haya. Hapa anabana meno. Mjomba ni mjomba.

Mgonjwa alikuwa farasi jike wa kijivu, mzee kiasi, mwenye dharau za mke wa kwanza, ndiyo maana wote wanamwita Bi Mkubwa. Alikuwa anakohoa, na bosi mwenye shule alishasema kabla ya kusafiri: nikirudi nikute bado anakohoa, anakwenda kwa mchinjaji. Bosi si mtu wa mizaha.

"Ni baridi tu," Mjomba alimwambia daktari. "Nimemzibia madirisha yote."

Mle ndani hewa ilikuwa nzito, harufu ya mkojo inachoma macho. Daktari akapima joto: homa hakuna. Akapapasa chini ya taya: hakuna tezi iliyovimba. Farasi wengine wote wazima, kwa hiyo si ugonjwa wa kuambukizana. Ila Bi Mkubwa alikuwa anasukuma kila pumzi kwa tumbo, matundu ya pua yamepanuka kama ya mtu aliyetukaniwa wazazi. Daktari akatoa mfuko mkubwa wa plastiki, akamvika puani.

"We mtoto! Unamziba pua mgonjwa wa pumzi?"

"Nataka avute pumzi ndefu, Mjomba, nisikie mapafu."

"Na akifa?"

"Nitautoa."

"Akishakufa?"

Daktari akatega sikio kifuani, akasikia mapafu yanakoroma. Kisha akapitisha puani mrija mwembamba wenye kamera. Koo la hewa lilikuwa limejaa makohozi mazito.

"Ni pumu," akasema. "Inaletwa na vumbi. Vumbi la nyasi kavu, ukungu, na huo ufagio wako."

"Ufagio wangu?" Mjomba aliuficha nyuma ya mgongo.

Daktari akatoa amri harakaharaka, maana alijua akituama tu atabishiwa mpaka jioni. Fungua madirisha. Usifagie akiwa ndani. Nyasi ziloweke kwenye maji kabla ya kumpa. Hii dawa ya kuvuta, mvike barakoa yake kila asubuhi. Akaingia kwenye gari, huyo.

Aliporudi, Bi Mkubwa anakohoa vilevile.

"Nyasi unaloweka?"

"Kila siku! Muulize yeyote."

Ni kweli, wote walimwona. Daktari akaanza kujitilia shaka. Akaongeza dawa. Akachukua makohozi akayapeleka maabara: hakuna kijidudu cha maana. Akarudi tena, kikohozi kiko palepale kama mpangaji sugu. Bosi naye akapiga simu, yuko njiani kurudi.

Kesho yake akafika bila taarifa. Akazunguka nyuma ya banda anawe mikono bombani, na hapo akamkuta Mjomba ameshika reki, anageuzageuza nyasi zilizotandazwa juu ya mabati, juani.

"Mjomba. Nini hii?"

"Nyasi za Bi Mkubwa. Zikikauka nampelekea."

"Zikikauka?"

"Si umesema niloweke? Nimeloweka. Sasa mgonjwa wa kifua utampa chakula kinachuruzika maji? Marehemu mama yako angenifufukia!"

Leo daktari hakubana meno. Yakatoka yote.

"Maji ndiyo dawa yenyewe! Vumbi likilowa haliruki! Wewe unalilaza, halafu unaliamsha!"

Alikuwa hajawahi kumpandishia sauti maishani. Mjomba akaegemea reki.

"Mbona hukusema hivyo?"

Na kweli hakusema. Alitoa amri akakimbia. Daktari akampigia bosi kuomba muda zaidi. Bosi akauliza nani kaharibu. Kabla daktari hajajibu, Mjomba akamnyang'anya simu.

"Mimi, bosi. Nilikuwa naanika."

"Unaanika nini?"

Maelezo yalichukua muda. Mwisho bosi akasema: mpaka mwisho wa mwezi, basi.

Bi Mkubwa akahamishiwa uwanjani, nje kabisa. Mjomba akawa anapiga simu kila kukicha. Analala nje kama mbwa! Mvua inamnyeshea! "Ana manyoya, Mjomba," daktari anajibu, anakata.

Mwezi unakaribia kuisha, simu ikaja asubuhi na mapema. "Njoo haraka! Bi Mkubwa amekata pumzi!"

Daktari aliendesha gari roho mkononi. Akamkuta Mjomba amebandika sikio kwenye mbavu za farasi, na farasi anatafuna nyasi zinazodondosha maji, hana habari naye.

"Simsikii," Mjomba alinong'ona. "Nimetega toka alfajiri. Kimya."

Daktari akasikiliza kifua. Hewa inaingia, inatoka, safi.

"Mjomba, amepona. Farasi mzima hasikiki akipumua."

"Sasa mimi nitajuaje kama yu hai?"

"Si anatafuna!"

"Hata kama," Mjomba akasema, akarudisha sikio palepale.