Waya Alioufungua Jumwa

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa msichana mwajiriwa katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa hapa Malindi, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Kompyuta zilikuwa za kutafuta mjini, na kwa kuwa mimi nilisomea kazi hiyo Mombasa, watu wakaniita fundi. Jina tamu lile. Tamu mpaka lilipokuja kunikaba koo.

Tulikuwa na kompyuta moja kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, na katika diski zake mlikuwa na kazi ya Mwalimu Karisa. Mzee huyu, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, alistaafu ualimu akashika kukusanya maneno ya Kigiriama ambayo vijana walikwisha kuyaacha, apate kuyatolea kitabu. Yeye akisema, mimi nikipiga chapa. Macho yake yalikuwa yanazimika kidogo kidogo. Tulipofikia herufi za mwisho hakuuona tena hata uso wangu.

Ndipo tajiri yetu akaleta kompyuta mpya. Kipya kinyemi, mwanangu, kingawa kidonda! Ilikuwa safi, ya haraka, lakini diski zake zilikuwa ndogo na ngumu, na zile za zamani pana na laini. Hazikuingia. Na mashine kuukuu nayo ikaanza kuugua. Kioo chawaka na kuzimika, diski zaota ukungu kwa unyevunyevu wa pwani, na mtambo wake wa kuchapia ulikwisha kufa zamani. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Nilijua kuwa mashine mbili zaweza kuunganishwa kwa waya, moja ikaipa nyingine iliyo nayo. Nikatafuta waya, nikachomeka huku na huku. Kimya. Nikabadili hili na lile, wapi! Mwalimu alikuwa ameketi kando, fimbo mapajani, ananisubiri.

"Unalia, Zena?"

"La, Mwalimu. Mafua tu."

"Mafua hayavuti pumzi hivyo. Kwani hakuna mwingine ajuaye?"

Nikamwambia yuko Jumwa, Mgiriama kama yeye, niliyesoma naye Mombasa, sasa karani katika hoteli moja ya Watamu. Kila mtihani alikuwa wa kwanza. "Ataniona si lolote," nikasema.

Mwalimu akagonga fimbo sakafuni. Alikuwa hajapata kunipandishia sauti kabla ya siku ile. "Maneno ya wazazi wangu yanaoza humo, nawe walinda jina la fundi? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Inuka uende!"

Nikaenda. Jumwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya nisilolitarajia. Aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, tukafuatana. Ndani ya basi akaniambia kuwa hata yeye kazi hiyo ilimshinda kule hotelini, mpaka mgeni mmoja akamwonyesha. Laiti ungaliona nilivyoshusha pumzi!

Alipoufungua waya wangu akacheka, lakini kicheko cha shoga. "Zena, mashine zako zote mbili zinasema kwenye uzi mmoja, na hakuna inayosikiliza." Akazipishanisha nyuzi za ndani, usemi wa huku ukafika kwenye sikio la kule. Kisha akaipunguza kasi ile mpya mpaka ikalingana na mzee wake.

Tukangoja. Mara kwenye kioo kipya maneno yakaanza kuteremka, mstari kwa mstari.

"Nisomeeni," akasema Mwalimu.

Nikajaribu. Ulimi wangu wa mjini ukajikwaa kwenye *dzuwa*, nikasema jua. Jumwa akanipokea. Akasoma *madzi*, akasoma *mvula*, sawasawa na wasemavyo kwao. Alipofika mbele akaweka kidole kwenye kioo.

"Neno hili," akasema, "sijalisikia tangu bibi yangu afe."

Mwalimu akageukia sauti yake. "Hebu lirudie, mwanangu."

Jumwa akalirudia, na mzee akafuta machozi kwa kiganja.

Mashine kuukuu ilizimika moja kwa moja muda mfupi baadaye, lakini haikuondoka na kitu. Kitabu kilitoka. Mwalimu hakuweza kukisoma, ila Jumwa alikuwa akimwendea Jumapili akamsomea, mpaka Mungu alipomchukua mzee. Mimi sikumwomba afanye hivyo, wala hakuna aliyemwomba. Kila nikimkumbuka Jumwa moyo wangu hujaa shukrani.

Basi, mwanangu, shika haya. Usilinde sifa ukaipoteza kazi. Ukikwama, mwendee ajuaye, hata akiwa ndiye unayemwonea haya. Akikufaa, mshukuru angali anasikia, usiyaweke mema yake hadi matangani. Ukijaaliwa ujuzi, usimsimange aliyekuja kuuomba. Na kipya kikibisha hodi, usiache mbachao kwa msala upitao. Kitoe kwanza kilicho chema ndani ya cha zamani.

Mwenyezi Mungu akupe mkubwa wa kukukemea kwa mapenzi, na mwenzio wa kuinuka pamoja nawe siku ya kukwama, kama alivyonipa mimi. Amin.