Jaribio la Kukaa Kimya

Ofisini walimwita Mama Vitufe, ingawa hakuwa na mtoto. Alichora kurasa za simu: kitufe kikae wapi, maneno yasemeje. Safari hii ulikuwa ukurasa wa kuomba siku ya kliniki ya presha. Jumatatu dirisha la kadi lingefungwa, kila mgonjwa aombe kwa simu. Asiyeweza, atamkosa daktari. Mama yake alipanga foleni kwenye dirisha hilo miaka tisa, hadi alipofariki. Kazi hii hakuifanyia mzaha.

Jumatano mkuu wake alileta majibu ya jaribio la mbali. Watu mia mbili walitumiwa ukurasa wajaribu wenyewe. Sitini waliishia hatua ya tatu, bila kumaliza.

"Kitufe cha hapo tukipake kijani, tuwatumie tena," mkuu alisema. "Bluu imepoa mno."

"Bosi, hesabu imetuambia wamekwama wapi. Kwa nini, haijasema. Nataka nikae na watu watano, niwaangalie wakitumia."

"Watano tu? Unanitania."

"Wangapi wanakwama tunajua. Mimi natafuta sababu."

Mkuu alikuna kidevu. "Ijumaa mchana uwe nayo. La sivyo, kijani."

Jioni Mama Vitufe alianza na baba yake. Mzee alivaa miwani, akashika simu. Kila kidole kiliposita, binti alimwelekeza: hapo baba, chini kidogo. Wakamaliza chapuchapu.

"Umeuonaje?"

"Mzuri sana, mwanangu."

Binti akafurahi. Mzee akavua miwani.

"Ulitaka niseme nini? Umeuchora wewe. Na kidole kilikuwa changu, lakini macho yalikuwa yako. Huko kliniki utakuwepo kila mara?"

Kiti cha mama kilikuwa kati yao.

Alhamisi alikwenda kwenye benchi la kliniki na azimio moja: hatamsaidia mtu, wala hatamuuliza kama ameupenda ukurasa. Atampa kazi, kisha afunge mdomo. Mkuu alimfuata, akidai anakuja kupunga upepo.

Wa kwanza alikuwa mshonaji, mtu mzima, sindano imechomekwa kwenye kola.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba utafute siku ya kumwona daktari wiki ijayo. Nikinyamaza usinione nina kiburi, ndiyo kazi yenyewe."

"Mtu analipwa kwa kunyamaza? Mume wangu angekuwa tajiri."

Alifika hatua ya tatu, akagusa Jumanne. Kisha akaweka simu mapajani, akatulia. Dakika ikapita. Mkuu akanyoosha kidole kuelekea kitufe cha Thibitisha. Mama Vitufe akaudaka mkono wake, akaushusha taratibu, kama wa mtoto anayenyemelea sufuria.

Baadaye ndipo akauliza, "Mama, unafikiria nini sasa?"

"Nangoja wanijibu. Nimeshataja siku yangu. Dirishani ukitaja siku, unamsubiri muuguzi aangalie daftari."

"Na hicho cha Thibitisha?"

"Hicho si cha muuguzi? Mimi nani nijithibitishie? Nitaonekana sina adabu."

Wanne kati ya watano walingoja vilevile. Mmoja alihamia kivulini kabisa, simu mkononi, akisubiri ajibiwe.

"Kijani kisingesaidia kitu," mkuu alikiri.

Mama Vitufe alikuwa ameshaanza kuchora upya, hapohapo benchini. Kitufe kikawa "Tuma ombi". Ukikigusa, ukurasa unajibu: "Tumepokea. Njoo Jumanne, saa tatu asubuhi."

"Basi tumemaliza. Waonyeshe walewale, twende zetu."

"Hao wameshajua njia, bosi. Nataka watano wapya. Na dirisha lisifungwe mpaka nao wapite bila mkono wa mtu."

"Na wakubwa nani atawaambia?"

"Wewe. Umeona kwa macho yako."

Mkuu alimtazama, akashusha pumzi, akatoa simu, akaenda kuwapigia pembeni. Mama Vitufe akamsogelea mzee mmoja aliyekuwa ameketi punde tu mwisho wa benchi.

"Shikamoo baba. Una dakika kumi?"