Supu ya Mavyaa na Pua Yangu

Asubuhi niliyotoka hospitali baada ya kupasuliwa ndani ya pua, nesi alinipa masharti: nisipenge kamasi, nikipiga chafya niache mdomo wazi, nilalie mito mitatu, nisile wala kunywa cha moto. Damu kidogo ni kawaida, alisema, ila ikizidi nirudi wanijaze pamba tena. Pamba ile nilishaionja. Ilipotolewa nilihisi navutwa kamba kutoka kisogoni. Niliapa sirudi.

Nyumbani Kilburn nikamkuta mavyaa, mama wa mume wangu, ametoka Edmonton, upande mwingine wa jiji, kuja kuniuguza. Hajawahi kunipenda huyu. Harusini kwetu alikuja na uso wa matanga. Sasa alikuwa jikoni kwangu na sufuria yake mwenyewe. Mwanamke gani huja kuuguza na sufuria?

Adhuhuri damu ikatoka. Nikainama mbele, nikabana pua kwenye nyama laini kama nilivyoelekezwa, dakika kumi kwa saa ya ukutani. Ikakata. Alasiri ikarudi. Magharibi tena. Kila ikitoka, mavyaa alisimama mlangoni akinitazama, na bakuli la supu yenye mafuta ya habasoda.

Nikamnong'oneza mume wangu, "Mama yako ananitilia kitu."

"Usianze, please," akasema.

Basi nikawa nangoja ageuze mgongo, naimwaga supu kwenye sinki na kufungulia maji. Damu haikujali. Siku ya nne alfajiri ilichuruzika mpaka kwenye kanga, nikaanza kupanga nguo za kurudi hospitali, nalia kwa woga na hasira.

Simu yangu ikaadhini adhuhuri. Nikaenda bafuni kutawadha, mlango sikuufunga. Nimeshaosha mikono, nimesukutua, nimeteka maji ya kupandisha puani, mara mkono ukadakwa.

"Kumbe ni hapa," mavyaa akasema. "Siku zote najiuliza, mbona damu yako yafuata adhana? Simu ikilia tu, hazipiti dakika kumi wataka tishu. Unapandisha maji, kisha unapenga. Nesi hakukukataza?"

Alinikataza kupenga kamasi. Ya udhu sikuwahi kuihesabu kuwa ni kupenga; tangu nina miaka saba mkono unakwenda wenyewe. Nilisimama pale maji yananitiririka kiwikoni.

"Hiyo ni sunna, mwanangu. Iache mpaka upone." Akachukua kopo, akanimiminia maji ya uso taratibu, kiganja chake kimeikinga pua yangu.

Adhuhuri ile damu haikutoka. Alasiri nikangoja na tishu mkononi. Haikutoka.

Jioni akaniletea bakuli. Nikaligusa. Lilikuwa la baridi. Alikuwa ameipoza supu, na naamini ndivyo alivyofanya siku zote, ila mimi, kwa haraka ya kuimwaga, sikuwahi kuliona hilo.

"Leo utainywa," akaniuliza, "au niipeleke sinki mwenyewe?"