Goti Langu na Digrii ya Kurukaruka

Shida yangu ilianza mwaka wa 1955, nikiwa na miaka tisa. Mvua ilikataa, baba akafa, na mimi nikatolewa darasa la pili kabla sijafika mwisho wa kitabu. Mpaka leo sijui kile kitabu kiliishaje. Nilipewa nyundo ndogo nikaketi na akina mama kando ya barabara kuponda kokoto, na kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia nimechoka, sikuchoka. Kutoka kokoto nikaenda kuchimba mawe, kutoka kuchimba nikajifunza kuchonga, kutoka kuchonga nikajenga. Ukitoka Masii kwenda Muthetheni, nyumba za mawe ambazo hazijapasuka ukuta, nyingi ni zangu. Zilizopasuka waulize wengine. Baadaye nikafungua duka la vifaa vya ujenzi pale Masii. Nayasema haya mapema ili unayesoma ujue ni nani anakuambia.

Mtu kama mimi akipeleka mtoto chuo kikuu huwa na mipango yake. Mimi nilitaka wakili. Nilikuwa hata nimechagua ukuta wa sebuleni wa kutundika picha yake akiwa na joho. Mwaka wa 1998 kitinda mimba wangu, msichana, akaitwa chuo kikuu, akaja kuniambia anaenda kusomea sayansi ya michezo.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Maneno hayakuwa yamebadilika.

Nilimuuliza kama serikali inajua. Nikamwambia huku kwetu mtoto akifukuzwa na fahali hukimbia vizuri sana bila mwalimu. Akanijibu kwa upole kwamba anaenda kusomea kile kinachotokea ndani ya mwili mtu akikimbia. Nikamwambia kinachotokea nakijua: unachoka. Mama yake akanitazama kwa lile jicho ambalo huwa linafunga mkutano, na mtoto akaenda.

Jirani yangu wa upande wa juu, ambaye mpaka wake na wangu umegusana na ambaye tumeshindana tangu ujana, alikuwa na kijana anayesomea uhasibu. Kila tukikutana sokoni ananiuliza mbele ya watu, "Mzee, yule msichana amefika darasa gani sasa? La kuruka kamba ama la kutupa mpira?" Watu wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, lakini kwa meno tu.

Alimaliza mwaka wa 2002. Sherehe tulifanya, mbuzi tukachinja, lakini nilipoombwa nisimame niwaambie wageni amesomea nini, nilisema amesomea sana, nikaketi.

Sasa goti. Mwaka uliofuata, mvua ya masika ikiwa imeanza, nilikuwa nateremka kutoka kwa lori la simiti na mguu ukatangulia kabla ya akili. Goti la kulia likaenda upande ambao goti haliendi. Hospitalini wakaniangalia, wakasema mfupa uko sawa, niende nipumzike. Mimi nilikuwa sijawahi kupumzika maishani, kwa hivyo sikujua kipimo chake. Nilipumzika kama mtu aliyeajiriwa kupumzika. Nilikaa kwa kiti, mguu juu ya debe, naletewa uji, mpaka uvimbe ukaisha. Siku niliposimama nikapata mguu wenyewe nao umekwisha: paja jembamba kama mpini wa mwiko, goti linatetemeka kama ndama aliyezaliwa jana.

Hapo ndipo taabu yenyewe ilipoingia. Kwetu mteremko ni mkali, na mvua ikishuka hushuka na shamba. Kwa hivyo tunachimba mitaro ya fanya-juu: unakata mtaro ubavuni mwa mlima, na udongo unaurusha upande wa juu ufanye ukingo. Hakuna mtu wa kumaliza kazi hiyo peke yake. Tunaifanya kwa mwethya, yaani majirani pamoja, leo kwako, kesho kwangu, na sheria yake ni moja: chimba kwa wenzako, na wenzako watachimba kwako. Kuleta kibarua badala yako hakukubaliwi. Mwethya unataka mgongo wako mwenyewe. Asiyeweza kuchimba huhamishiwa upande wa wazee na wagonjwa. Hao tunawachimbia kwa huruma, na siku ya kazi wao huketishwa karibu na sufuria ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kazi yao ikiwa kuonja chumvi.

Mwethya ule niliuanzisha mimi. Nyimbo za kuchimbia naongoza mimi. Na jirani yangu akaja nyumbani, huruma imemjaa uso mzima, akaniambia kikundi kimekaa na kufikiria, na kwa kuwa kiangazi cha kuchimba kinakaribia, wameona nipumzishwe.

"Chumvi inataka mtu mzima, mzee," akasema. "Hawa vijana wanazidisha."

Binti yangu alikuwa nyumbani wakati huo, anatafuta kazi. Alisikia yote. Asubuhi iliyofuata akaja na kigoda, akaketi mbele yangu, akauomba mguu kama mtu anayeomba kuona kitambulisho. Akaubonyeza, akaukunja, akaukunjua. Akaniambia goti langu halina ugonjwa, lina njaa. Nyama iliyokuwa inalishika imekwisha kwa kukaa. Nikamwambia hospitali ilisema nipumzike. Akasema walisema pumzika, hawakusema hamia kwa kiti. Mimi nikaanza kupandisha sauti, na yeye akaniuliza swali.

"Baba, kijana akija kwako kujifunza mawe, siku ya kwanza unampa mwamba?"

"Nampa kokoto."

"Basi na mimi nakuanza na kokoto."

Nikamsogezea mguu. Si jambo zuri mtoto kukupiga na mawe yako mwenyewe.

Kokoto zake zilikuwa hizi. Kuketi na kusimama bila kushika kiti. Kuvuta kwa kisigino tyubu ya baiskeli aliyoifunga kwa mguu wa meza, mpaka meza ikawa inanifuata. Kusimama kwa mguu mmoja jikoni kama korongo, mama watoto akinizunguka na sufuria ya moto na kunishauri niombe. Na nikisema inauma, binti ananiuliza inauma wapi, na ni uchungu wa namna gani. Mimi nilikuwa najua uchungu ni mmoja. Kumbe kuna unaokuambia uache na kuna unaokuambia uendelee, na maisha yangu yote nilikuwa nimeutii ule usiofaa.

Siku zikapita, paja likaanza kurudi, na hapo akanipa kokoto ya mwisho: kutembea kinyumenyume, kupanda mlima. Akanieleza kwamba mtu akienda nyuma, nyama ya mbele ya paja inafanya kazi kubwa bila goti kupigwa. Nilielewa. Lakini mtu wa cheo changu hawezi kufanya kitu kama hicho jua likiwa limetoka. Kwa hivyo nikawa naamka alfajiri, najifunika blanketi kwa sababu ya baridi, nashika fimbo, na kuanzia nyuma ya zizi mpaka ua wa juu naenda kinyumenyume, taratibu, macho yangu yakiangalia nyumba zilizo chini.

Sasa, kwetu mtu wa kawaida hutembea akiangalia anakokwenda. Anayetembea kinyumenyume alfajiri, amejifunika blanketi, amekazia macho nyumba za watu, huyo ana jina lake, na si jina la kumpa mtoto. Mke wa jirani alikuwa anakwenda kuchota maji. Akaniona. Mimi, kwa kuwa nina adabu, nikamwamkua vizuri, nikamuuliza watoto wameamkaje, huku bado narudi nyuma. Kumbe salamu ndiyo iliharibu kila kitu.

Siku ya soko nilipofika Masii, habari ilikuwa imenitangulia na kunenepa njiani. Wateja wananipa heshima ya mbali. Mwanamke mmoja alichukua misumari bila kugusa mkono wangu. Mwisho fundi mmoja rafiki yangu akanieleza: watu sasa wameelewa vile mtu wa darasa la pili alipata duka la vifaa vya ujenzi. Hiyo iliniuma kuliko goti. Mawe yote niliyoyaponda tangu utoto, jasho lote, likapewa mapepo kwa asubuhi moja.

Jumapili, baada ya kanisa, wakaja. Mbele wazee wa mwethya na jirani yangu akiwaongoza. Nyuma akina mama wa kanisa wakiimba, ili kama kuna kitu kitaruka kutoka kwenye paa, kikutane na wimbo. Jirani akasema kwa heshima kubwa kwamba kikundi hakiwezi kuchimba bega kwa bega na mambo wasiyoyaelewa. Kama niko na kitu, nikitoe kiombewe. Kama sina, niondoke kwa mwethya kwa amani, na watanichimbia pamoja na wagonjwa. Nilisimama kujibu, na fimbo niliyoishika sikuwa nimeishika kwa ajili ya kutembea. Binti akaiondoa mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Wazazi wangu, karibuni," akasema. "Baba anafanya kazi niliyompa mimi. Lakini kabla ya maombi, ni nani hapa goti linamuuma akishuka mlima?"

Nyanya mmoja, mkubwa kuliko wote, akainua mkono. Aliyekuwa karibu naye akainua. Kufikia hapo upande wote wa nyimbo ulikuwa na mikono juu. Binti akaleta kigoda, akawaomba waketi mmoja mmoja na kusimama bila kushika kitu. Nyanya akasimama kwa kujivuta, akapigiwa makofi. Jirani yangu akaombwa naye ajaribu. Akacheka, akaketi, na akabaki hapo. Akasema kigoda ni kifupi. Nikamletea kiti kirefu. Akasema hiki nacho kina mguu mbovu.

Basi binti akawapeleka nyuma ya zizi na kuwaeleza habari za paja na goti, kwa maneno ya kawaida, akitumia mguu wangu kama ramani. Nyanya hakungoja amalize. Aliweka Biblia kwapani, akageuka, akaanza kupanda kinyumenyume.

"Kama huu ni uchawi," akasema, "umechelewa kunifikia."

Wengine wakamfuata, mke wa jirani akiwa kati yao. Jirani alibaki chini na kazi ya kushikilia mikoba.

Uchawi uliisha hivyo, lakini sheria ya mwethya ilibaki. Jirani akasema sawa, hakuna mapepo, ila mguu ni mguu. Siku ya kwanza ya kuchimba ni kwa mjane aliye kule bondeni. Nikichimba mpaka chakula, nafasi yangu ni yangu. Nikiketi kabla, ni chumvi. Nikakubali haraka kabla binti hajasikia. Akasikia. Alikasirika, na mtoto yule akikasirika huongea polepole zaidi. Akasema mguu utachimba, lakini si mfululizo. Unataka kazi kidogo na kupumzika kidogo, la sivyo tutarudi kwa debe. Nikamwambia mwethya hauna kupumzika kidogo. Mstari hauachi jembe mpaka wimbo uishe.

Akaniangalia.

"Na anayeimba ni nani?"

Mwaka ule, nakuambia, nyimbo zangu zilikuwa fupi. Tulishuka kwa mjane asubuhi, binti akatupanga kwanza tukajinyoosha migongo na viuno, vijana wakicheka mpaka walipoona nyanya anajinyoosha kuwashinda. Halafu nikaimba, tukachimba, udongo ukaruka juu. Nikihisi goti linaanza kunong'ona, wimbo unakufa. Tunaegemea majembe. Naanza mwingine. Huo nao haukai.

"Mzee," jirani akaniita kutoka mwisho wa mstari, "huo wimbo ulikuwa na mistari mingine."

"Ulikuwa nayo," nikamwambia. "Ilihama."

Akina mama walicheka mpaka mmoja akaketi mtaroni. Na ajabu ni hii: jua lilipofika utosini, mtaro ulikuwa umekwenda mbali kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa anakokota jembe. Mimi nilishangaa, jirani akashangaa. Binti hakushangaa. Alisema hicho ndicho alichosomea: kujua mwili upewe kazi kiasi gani na uachwe wakati gani, uwe wa mkimbiaji ama wa mama mwenye mtungi mgongoni.

Tulipoitwa kula nilikuwa nimesimama, jembe mkononi. Nikalikabidhi kwa kijana mmoja, nikageuka, na mbele ya mwethya mzima nikapanda kinyumenyume mpaka kwenye sufuria. Nikaonja muthokoi kwa hiari yangu. Nikamwambia mpishi chumvi haijatosha.

Mitaro yangu ilichimbwa kwa zamu yangu, kabla ya mvua ya vuli. Binti alipata kazi ya kufundisha chuoni mjini Machakos, na Jumamosi bado anakuja. Uwanja wangu hujaa: wapiga mpira kutoka Kangundo, akina mama wanaoumwa migongo, mzee aliyepooza upande mmoja ambaye sasa anajifunga vifungo vya shati mwenyewe. Alipovifunga vyote mara ya kwanza, mkewe alilia, na mimi nikaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Siku hizi nikiulizwa mtoto amesomea nini, nasema sayansi ya michezo, na sikai chini haraka. Mtu akicheka namletea kigoda.

Jirani naye alikuja, lakini kwa njia yake. Asubuhi moja nilimwona nyuma ya ua, amejifunika blanketi, anapanda mlima kinyumenyume. Nikamwamkua. Nikamuuliza watoto wameamkaje.

Leo nina duka Masii. Nina nyumba ya mawe niliyoichonga mwenyewe. Nina shamba lenye mitaro, na udongo wake bado uko kwangu, haujahamia mtoni. Nina ng'ombe, mbuzi na miembe. Sebuleni nina picha ya msichana mwenye joho, kwenye ule ukuta nilioutengea wakili. Nina tyubu ya baiskeli imetundikwa kwa msumari. Nina fimbo moja nzuri, kuku hulala juu yake. Na nina magoti mawili, yote yanakunjika.