Deni Nililolipa kwa Dalali

Siku niliyomaliza deni langu nilimwomba dalali, yule mkamata mali za wadaiwa, apige mhuri kwenye risiti yangu mara ya pili, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umelala upande na herufi za mwisho hazikusomeka. Alinitazama juu ya miwani.

"Kijana, umelipa?"

"Nimelipa."

"Risiti unayo?"

"Ninayo."

"Sasa mhuri wa pili ni wa nini, wa harusi?"

Alinipigia hata hivyo. Nikamwomba tena barua, hata ya mistari miwili, ya kusema kwamba mimi sasa ni mtu safi. Hapo alicheka mpaka karani wake akainua kichwa. "Mimi ni dalali," akasema. "Wa kukutakasa yuko kanisani." Kisha akaniletea taipureta yangu kutoka chumba cha nyuma, imefungwa kwa gunia, na nikaibeba kifuani kama mtoto mgonjwa.

Deni lilikuwa la taipureta hiyo. Nilikuwa nimeichukua kwenye duka moja la mjini, yale maduka yaliyokupa kitu leo ukalipa kila mwezi mpaka mwaka na nusu uishe. Kupiga taipu nilijifundisha mwenyewe, kwanza juu ya kipande cha kadibodi nilichokichorea herufi kwa kalamu, nikifuata kitabu kisicho na jalada nilichokinunua kwa muuzaji wa barabarani. Nilirudia ukurasa mzima kwa kosa la herufi moja. Karatasi zilinilia pesa kuliko chakula. Mtu aliyetaka barua ya kuomba kazi leo aliipata keshokutwa, safi kabisa, na hakurudi tena.

Kiwanda nilichofanyia kibarua kule Industrial Area ya Nairobi kilipopunguza watu, nikakosa kulipa miezi mitatu. Ningeweza kwenda dukani nikajieleza. Sikwenda. Nilikuwa ninaandika barua ya kujieleza, na kila nilipoisoma niliona kuna sentensi haijakaa sawa, nikaianza upya. Barua hiyo ilikuwa bado mezani siku dalali alipokuja na lori.

Wakati huo nilikaa Donholm, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya watu. Lori halikuweza kugeuka ndani ya geti, likabaki nje na injini inanguruma, na watoto wote wa mtaa wakaja kutazama. Walichukua taipureta tu, wakaniandikia kwamba nikilipa yote, pamoja na gharama za lori lenyewe, nitarudishiwa. Mwenye nyumba alikuwa mama mpole. Hakunigombeza. Alingoja jioni, akaniambia chumba anakitaka kwa sababu ndugu yake anakuja kutoka Murang'a. Sijui kama ndugu huyo alifika.

Nikahamia Kware, kwenye ploti ya vyumba kumi na vinne na mfereji mmoja wa maji kwa wote. Kware hakuna aliyejua. Nilipata kibarua kingine, cha kupakia biskuti, na kila mwisho wa mwezi nilipeleka kwa dalali kilichobaki baada ya kodi. Ilichukua karibu miaka miwili. Katika miaka hiyo sikumwalika mtu chumbani mwangu hata mara moja, kwa kuogopa kwamba mgeni akizoea kukaa angeuliza maswali.

Ila mtu mmoja alinivuta. Alikuwa mama wa chumba cha mwisho, mtu wa Magharibi, muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye sauti iliyosikika kabla yake. Niliwahi kumwandikia kwa mkono barua ya shule ya mwanawe, na mwalimu mkuu akakubali kungojea karo. Basi akaamua mimi ni mtu wake. "Huyu kijana ni kanisa tupu," aliwaambia wenzake kwenye mfereji. "Hata mkono wake ukiandika, unaona umenyooka." Ndiye aliyeniingiza kwenye chama.

Chama chetu kilikuwa cha watu kumi na wawili, wanawake kumi na mmoja na mimi. Kila mwezi wote walitoa kiasi sawa, na mmoja wetu alichukua chote. Mweka hazina alikuwa mama huyo wa omena. Jambo zito lilikuwa namba. Wa kwanza kuchukua walikuwa wale ambao hakuna mtu angekosa usingizi kwa ajili yao, maana aliyepokea mapema angeweza kuhama na kuwaachia wengine shimo. Wa mwisho walikuwa wageni na wale wenye doa. Hakuna aliyesema kwa nini umepewa namba uliyopewa. Ilisomwa tu, na ploti nzima ikajua wewe ni mtu wa kuaminika kiasi gani.

Mzunguko wangu wa kwanza nilipewa kumi na mbili, kama mgeni yeyote. Nilitoa kila mwezi bila kukosa. Mzunguko wa pili nikapewa tatu.

Sitaficha, nililia. Nilifunga mlango nikalia kwa ajili ya namba. Lakini pia niliihitaji. Kwenye maduka ya Donholm kulikuwa na bwana aliyeuza madaftari na bahasha, naye alikuwa tayari kunipa kona ya duka lake niweke meza na taipureta, mradi nimlipe kodi ya miezi mitatu kwa pamoja. Alisema atanishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, basi. Mwezi wa tatu ndio uliokuwa wangu. Nilifanya hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyosali.

Kabla ya hapo nilitaka jambo moja tu liwe sawa. Nilirudi kwenye lile duka la mjini na risiti yangu yenye mihuri miwili, nikaomba jina langu lifutwe. Karani alikuwa kijana wa rika langu. Alivuta droo ndefu ya kadi, akatoa yangu. Ilikuwa na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Nimelipa," nikasema. "Yote."

"Naona." Akachukua kalamu, akaandika chini: amelipa, kupitia dalali. Akairudisha kadi kwenye droo.

"Na huo mstari?"

"Mstari unabaki."

"Kwa hivyo ni kama sijalipa?"

"Hapana, buda. Ambaye hajalipa kadi yake iko droo ile ingine. Wewe umetoka huko. Lakini duka lingine likipiga simu kuuliza, tunasoma kadi vile ilivyo. Ulichelewa, ukaletewa dalali, ukalipa. Si ni ukweli?"

Ilikuwa ukweli. Nikamuuliza mstari utakaa mpaka lini. Aliinua mabega. "Mimi niko hapa miaka minne. Sijaona kadi ikitolewa." Kisha, kwa huruma, "Lipa vitu vingine vizuri. Watu husahau." Nyuma yangu kulikuwa na mtu anayetaka friji, nikamwachia nafasi.

Nilitembea kutoka mjini mpaka Kware. Nilidhani ukilipa unarudi pale ulipokuwa kabla ya kukosea, kama ukurasa unaoutoa kwenye mashine na kuweka mpya. Njiani wazo likanishika na halikuniachia: kama kadi ile inasomeka kwa yeyote anayepiga simu, iko siku itasomwa Kware. Afadhali niisome mimi mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu nyingine, ambayo niliijua hata wakati ule, ni kwamba nilitaka kusifiwa. Miaka miwili ya kulipa peke yangu, bila mtu kujua. Nilitaka mtu mmoja aseme, pole, na hongera.

Kwa hivyo nilifanya kosa ambalo labda mimi tu ningelifanya. Nilikaa wiki nzima nikipiga taipu maelezo ya deni langu, nakala kumi na mbili, moja kwa kila mwanachama. Kaboni ilitoa nakala hafifu, nikazitupa, nikapiga kila moja peke yake. Nilieleza duka, kiwanda, lori, kila nilichompa dalali na mwezi niliokitoa. Chini niliandika: deni limekwisha.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya ibada, uani, karibu na mfereji. Ulikuwa mwezi wa pili wa mzunguko. Mama ambaye zamu ilikuwa yake alikwishapokea pesa zake na kuzifunga kwenye leso. Nikasimama. Nikagawa karatasi. Nikasoma yangu kwa sauti mpaka mwisho.

Mtoto alikuwa anagonga sufuria, mama yake akaichukua. Kisha dada mmoja fundi wa nywele, ambaye hakuwa akisoma karatasi bali alikuwa ameishika kama feni, akauliza, "Kwani tunadaiwa nini?"

"Hakuna," nikasema. "Nililipa."

"Sasa lori linakuja lini?"

"Lilikuja zamani. Donholm."

"Ai! Lori lilikuja kwako?"

"Mkisoma ukurasa wa pili..."

"Sisi tunasoma nini? Mwenyewe amesema. Lori lilikuja." Akawageukia wenzake. "Na huyu ndiye namba tatu."

Mama mmoja wa Kiambu, mwenye kibanda cha mboga, alijaribu kunitetea. "Lakini jamani, si amemaliza? Wangapi hapa wamemaliza madeni yao?"

"Amemaliza kwa kushikwa shati," fundi wa nywele akajibu. "Sisi hatuna lori. Akitukimbia tutamshika na nini, na kitana?"

Walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa uoga. Nilimtazama mweka hazina. Alikuwa ameikunja karatasi yangu mara nne na kuiweka chini ya daftari la chama. Hakuniangalia. Alisema tu, kwa ile sauti yake iliyopungua ghafla, "Tutapanga upya." Wakaingia chumbani kwake, yeye na wengine wawili. Walipotoka, namba tatu ilikuwa ya dada aliyekuwa analipia kiwanja Njiru. Mimi nilikuwa kumi na mbili.

Jioni nilikwenda kwake. Alikuwa anachambua omena kwenye ungo, akaniruhusu kusimama mlangoni.

"Mama, niliwaambia ukweli."

"Nani alikuuliza?"

Nikautazama ungo wake.

"Mimi nilijua, mwanangu," akasema. "Kila mwisho wa mwezi unavaa shati la kanisa siku ya kazi, unaenda mjini, unarudi hujanunua hata mkate. Nimekaa Nairobi miaka mingi. Hiyo ni safari ya kulipa. Nikasema, huyu analipa bila kusukumwa, na mdomo wake umefungwa. Nikawaambia wakupe tatu. Nilisimama juu ya hiyo." Alitupa kichwa cha samaki nje, kwa paka. "Sasa umewasomea lori. Nikisema nilijua, mimi ndiye nimewaficha. Nikisema sikujua, mimi ni mjinga. Umeniacha nisimame wapi?"

"Nisamehe."

"Nimesamehe. Namba siwezi."

Bwana wa madaftari hakungoja. Mwezi wa nne nilipita pale nikakuta kona yangu ina kijana mwenye mashine ya kupiga picha za karatasi, inayotoa nakala kwa dakika moja, zote sawasawa, bila kosa. Nilisimama nikiitazama ikifanya kazi. Nikanunua bahasha moja nisiyoihitaji.

Miezi iliyofuata nilitoa mchango wangu. Mwanzoni nilikuwa nikiupeleka Jumamosi, siku moja mapema, nikidhani inaonyesha kitu. Mweka hazina akanirudisha. "Leta kesho pamoja na wenzako. Ukija mbio watauliza unakimbia nini." Nikajifunza kutoa katikati ya watu, wa tano au wa sita, bila maelezo. Jambo dogo, lakini kwangu lilikuwa gumu kuliko kulipa lori. Hakuniita tena kunywa chai. Alinisalimia kama alivyowasalimia wote, na sikujua kwamba salamu kama hiyo inaweza kukukosesha hamu ya kula.

Zamu yangu ilifika, ya mwisho. Desturi ni kwamba anayepokea anawapa wenzake chai chumbani kwake. Niliazima vikombe kwa mama wa Kiambu, nikanunua mikate mitatu na blubandi ya kupaka. Nilipanga vipande kwenye sinia nikavipanga tena. Walikuja wote. Hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye kitanda changu mbali na mimi, na sasa walikaa watano, kikalalamika, wakakicheka. Fundi wa nywele akakagua taipureta, akagonga herufi moja, akasema, "Kumbe ni hii ndiyo ililetewa lori? Mimi nilidhani ni gari." Nilihesabiwa pesa mbele ya wote. Zikaimbiwa wimbo.

Wakati vikombe bado vina chai walianza kupanga mzunguko mpya. Mweka hazina alifungua daftari juu ya meza yangu na kusoma. Mama wa Kiambu, moja. Fundi wa nywele, nne. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko na birika mkononi, nimeshaamua uso nitakaoweka nikisikia kumi na mbili.

"Saba," akasoma, na jina langu. Hakuinua macho. "Kuna swali?"

Nilikuwa nalo. Nilitaka kujua kwa nini saba na si nane, miezi mingapi ya kutoa imenunua namba ngapi, na kama mstari wangu umefifia au wamechoka kuutazama. Nilikuwa na karatasi safi mezani, ningeweza kuliandika vizuri.

"Hakuna," nikasema, nikammiminia chai.

Walipoondoka niliosha vikombe kumi na moja, nikavirudisha, nikakaa kwenye kitanda. Kilikuwa bado kimebonyea mahali walipokaa. Sikukitandika mpaka asubuhi.