Maziwa ya Nyaruai

Phelista, fundi wa kushona sare za shule pale Matisi, hakuwa mtu wa wivu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na wateja walimwitikia kwa sababu makasi yalikuwa mkononi mwake. Lakini jina la Nyaruai likitajwa, sindano ilimchoma kidole.

Nyaruai alikuwa mke wa shemeji yake, binti wa Kikuyu aliyeolewa kijijini Ndalu. Mwaka wa 2006 mama mkwe wao, Mama Nekesa, alitoka Malakisi akiugua homa ya mapafu. Daktari mjini Kitale alimpa dawa kali za kuua vijidudu, kifua kikapona, naye akabaki kwa Phelista apate nguvu. Hapo ndipo tumbo lilipogoma. Papai, ndizi, maji ya moto, wapi! Phelista alimtunza kama yai. Yeye ndiye mke wa kifungua mimba, na alitaka jambo moja tu: mama atamke mbele ya kina mama wa kanisa kwamba aliyemwinua ni Phelista.

Basi Nyaruai akaja na kibuyu cha maziwa mala, yale ya kuganda. Mama akanywa. Akaletewa tena, akanywa. Asubuhi moja alitoka chooni akiimba.

"Hii maziwa ya Nyaruai, bana, imeamusha tumbo yangu! Na kibuyu ni ile nilimupa akiolewa. Huyo mtoto ako na mkono."

Mkono! Na mikono iliyokuwa ikimwogesha na kumwaga beseni kila siku, ilikuwa ya nani?

Khisa, muuguzi jirani, alipokuja kupima presha, Phelista alimuuliza kuhusu maziwa hayo, akitumaini kuambiwa ni bahati tu.

"Si bahati, Mama," Khisa alisema. "Utumbo iko na neva zake. Hizo ndizo zinaiambia jikaze, legea, sukuma chakula. Sasa, huko ndani kunaishi vijidudu vizuri. Vikila, vinatoa vitu vyenye vinaamusha hizo neva. Dawa iliua vibaya na vizuri pamoja, utumbo ikalala. Maziwa ya kibuyu iko na vijidudu hai. Siwezi apa ni hiyo peke yake imemsaidia, lakini usimnyime. Na usichemshe, utaviua."

Neno hilo la mwisho Phelista alilibeba hadi jikoni. Nyaruai alipoleta kibuyu tena, Phelista alimpokea kwa tabasamu, akamsindikiza hadi njiani, kisha akarudi akayamimina maziwa yote kwenye uji uliokuwa ukitokota. Akakoroga. Alijua vizuri anachofanya, na moyo wake ulifurahi. Wivu ndio huo: unamnyima mgonjwa ili umkomoe aliyemletea.

Uji ulikuwa mtamu, mama akalamba bakuli. Kila maziwa yalipoletwa, Phelista alichemsha. Tumbo likagoma tena. Mama Nekesa hakumlaumu mtu. Alikunja leso zake za kujifunga, akazitia kwenye mfuko wa safari.

"Nipeleke Ndalu. Huko nitakunywa ikitoka kwa kibuyu."

 Phelista alitaka kuomba msamaha, kikatoka kingine.

"Mama, si mimi ndio wa kwanza kwa hii boma? Nimekuosha, nimekubeba, na ni Nyaruai tu, Nyaruai! Mbona yeye ulimpa kibuyu na mimi hukunipa?"

Mama Nekesa aliufunga mfuko wake.

"Nilikupa. Siku ya harusi yako. Kibuyu ilikuwa imeiva, ukitia maziwa inaganda yenyewe. Wewe ukasema ati inanuka. Ukaisugua na sabuni ya unga, ukatia maua ya plastiki, ukaweka juu ya kabati. Ndio ile pale."

Phelista hakuinua macho kutazama kabati.

"Nilinyamaza kwa sababu nyumba ni yako," mama aliendelea kwa upole. "Sasa niambie. Hii uji yangu, ulikuwa unachemshia nini ndani?"

Phelista alilia, akasema yote, hata furaha aliyoiona wakati wa kukoroga. Alingoja matusi. Mama Nekesa alimsukumia mfuko wa leso.

"Beba. Tunaenda wawili. Utakaa chini jikoni kwa Nyaruai, umwambie akufundishe."

Afadhali angetukanwa.