Moto Ambao Magreth Hakuupima

Magreth binti Gerson ana shahada ya hisabati, na atakuambia hivyo kabla hujamaliza kuitikia salamu. Tunafanya kazi pamoja mjini, mtaa wa Ng'ambo, nyuma ya duka la Bader la vifaa vya kilimo. Bader alikuwa anatengeneza kidude cha kufunga kwenye bani, lile jengo la kukaushia tumbaku kwa moto. Kidude kingekadiria joto la saa ijayo na kumwambia mkulima aongeze kuni au apunguze.

Hesabu ya joto linalobadilika haina jibu la mkato. Unaiendea hatua kwa hatua. Programu aliyoiandika Magreth ilifupisha hatua kila joto lilipochachamaa. Ya Valentino, mwenzetu, ilipiga hatua ndefu na kwenda zake. Magreth aliitaka yake iingie kwa udi na uvumba, maana baba yake, mkulima wa tumbaku huko Urambo, alishatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ndiye anayekitia kidude akili.

"Zishindanishe, mwanangu," Bader akamwambia. "Isiyokosea na yenye haraka ndiyo nitakayoiweka."

Magreth akaenda kupima joto kwenye bani la baba yake, ili aone programu ipi itakaribia vipimo. Siku za mwanzo moto huwa mdogo, majani yanageuka manjano taratibu. Ulipofika moto mkali wa kukausha vikonyo vya majani, mzee akamfukuza, kama alivyomfukuza kila mtu miaka yote. Aliamini jicho la mtu mwingine huharibu tumbaku saa hiyo. Magreth akabeba vipimo vyake akarudi mjini. Msomi mzima, mtoto wa bani, akaridhika na nusu ya moto!

Kwa moto ule wa kubembeleza, programu zote mbili zilipatia. Ya Valentino ikamaliza mapema zaidi. Magreth alilia chooni, nikamsikia, wala sikumhurumia. Akanawa uso, akamwambia Bader iwekwe ya Valentino. Nyumbani hakusema kitu.

Msimu uliofuata, mzee Gerson akafungiwa kidude cha kwanza, kwa heshima. Siku ya moto mkali joto likapaa, programu ikaruka hatua yake ndefu, jibu likaanguka vibaya: bani litapoa, ongeza kuni. Mzee akaongeza. Bani likateketea pamoja na tumbaku yote.

Vipimo vya siku ile vilikuwa vimetumwa na kidude ofisini kwa mtandao wa simu. Magreth akavipitisha kwenye programu yake. Ilisema punguza.

Nilimsindikiza Urambo. Mzee alikuwa amekaa kando ya majivu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilijua kabisa moto umezidi. Nikasema, mwanangu hawezi kunipoteza."

"Baba, hesabu ile haikuwa yangu. Ni ya Valentino."

"Nani alisema inafaa?"

"Mimi."



"Afadhali ingekuwa yako," mzee akasema, akainuka, akachukua koleo na kuanza kuzoa majivu.